Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Kentucky: sonona ya watu wetu haijafichika

Waheshimiwa,

Ninawaandikia ninyi mnaoamua Medicaid ya Kentucky, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ilipie nini na isilipie nini, pamoja na ninyi mnaoongoza hospitali na kliniki za Louisville, Lexington, Bowling Green na Owensboro. Mimi ni mkalimani wa tiba. Kazi yangu ni kukaa kati ya daktari na mgonjwa anayezungumza Kiswahili, na kufikisha neno la kila mmoja kwa mwenzake bila kupunguza wala kuongeza. Ninayoyasikia humo ni siri ya mgonjwa, kwa hiyo hamtakuta hapa kisa cha mtu hata mmoja. Nitaeleza namna huduma inavyoendeshwa, kwa kuwa hilo liko mikononi mwenu.

Nimeandika kwa Kiswahili ili wanaoumwa na ndugu zao waisome barua hii kabla yenu, wapime kama nimesema kweli. Nakala ya Kiingereza itafika ofisini kwenu.

Katika mikutano ya afya ya jamii nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba wakimbizi wa Kongo, na watu weusi kwa jumla, hawatibiwi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa sababu ya mila zao. Eti hawaamini kuna ugonjwa wa akili, wanaona haya, wanakimbilia kanisani, wanalalamikia kichwa na tumbo badala ya kusema wana huzuni. Nakataa. Watu wanasema. Wanasema hawalali, hawali, kichwa hakiachi kuuma, mawazo ni mengi, maisha yamekosa ladha. Wanayasema hayo vyumbani mwenu kila wiki. Wanachokosa ni muda wa kusikilizwa, daktari anayewajua, na matibabu baada ya kusikilizwa. Vyote vitatu vinalipiwa kwa fedha mnazozigawa ninyi.

Nianze na watu ambao lugha haijawahi kuwa kikwazo kwao. Waamerika weusi wamezaliwa wakisema Kiingereza, tena kwa vizazi na vizazi. Mwaka 2007 David Williams na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu sonona. Weupe waliowahi kuugua maishani mwao walikuwa asilimia 17.9, weusi wenye asili ya Karibiani asilimia 12.9, na Waamerika weusi asilimia 10.4. Mtu akiishia hapo atasema weusi wana nafuu. Lakini watafiti walipotazama ni wangapi ambao ugonjwa uliwaganda ukawa wa kudumu, weupe walikuwa asilimia 38.6, na weusi wa makundi yote mawili walikuwa asilimia 56 au zaidi kidogo. Miongoni mwa waliokuwa wagonjwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuhojiwa, Waamerika weusi waliopata tiba ya aina yoyote hawakufika nusu, na wale wa asili ya Karibiani hawakufika hata robo.

Naomba takwimu hizo zisomwe pamoja. Ugonjwa unawapata wachache zaidi, lakini ukishawapata hauwaachi. Mila haiwezi kueleza jambo hilo, kwa sababu mila ambayo ingemzuia mtu kuugua isingegeuka ikamzuia kupona. Kinachoeleza ni kutotibiwa. Mwaka 2008 Margarita Alegría na wenzake walihesabu wagonjwa wa sonona ambao mwaka mzima ulipita bila kupata huduma yoyote ya afya ya akili: weupe asilimia 40.2, weusi 58.8, Walatino 63.7, Waamerika wa asili ya Asia 68.7. Hata kwa weupe hali ni mbaya. Kwa wengine wote ni mbaya zaidi, na kabla ya hapo, mwaka 2001, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani wa wakati huo, David Satcher, alikwisha kutoa ripoti nzima inayosema kwamba watu wa jamii za wachache wanapata huduma ndogo ya afya ya akili, na wanayoipata mara nyingi ni duni. Hamkosi taarifa. Mnazo tangu watoto wanaomaliza chuo leo hawajazaliwa.

Wapo watakaosema basi waende wenyewe wakatafute tiba. Mwaka 2016 mtafiti Heather Kugelmass alichapisha jaribio alilolifanya mjini New York. Watabibu wa mazungumzo 320 waliachiwa ujumbe wa simu na waigizaji waliojifanya wagonjwa wa sonona wenye bima, wakitofautiana kwa lafudhi zinazoashiria rangi na tabaka. Watu wa tabaka la kati wenye sauti ya kizungu walipewa nafasi ya miadi kwa asilimia 28. Watu wa tabaka hilo hilo, bima ile ile, wenye sauti ya Mwamerika mweusi, walipewa kwa asilimia 17. Wale wa tabaka la wafanyakazi, weusi kwa weupe, waliambulia asilimia 8 tu. Sasa fikirini mama aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye hata hiyo simu hawezi kuipiga bila kumwomba mwanawe aongee badala yake. Atahesabiwa katika kundi gani?

Kuna hatari nyingine inayoniumiza zaidi, nayo ni kupewa jina la ugonjwa usio wako. Mwaka 2019 Michael Gara na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 1,657. Miongoni mwa walioandikiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwapo, weusi walikutwa na dalili za sonona kubwa mara nyingi zaidi kuliko weupe walioandikiwa ugonjwa huo huo. Kwa maneno mengine, daktari akiwa mbele ya mtu mweusi aliona kuchanganyikiwa, hakuona huzuni. Mtu huyo hupewa dawa nzito za kutuliza kichaa, zinazoweza kumnenepesha na kumletea kisukari, huku sonona yake ikiendelea kumla.

Jambo hilo linatugusa moja kwa moja. Kwetu si ajabu mjane kusema kwamba usiku amemsikia marehemu mumewe akimwita. Si ajabu mtu kusema jirani amemfunga, au kwamba maombi ya kufunga yatamfungua. Mwenye kuijua jamii yetu anajua kwamba hapo kuna msiba, kuna ugomvi wa ukoo, kuna mtu anayetafuta sababu ya mateso yake. Asiyejua anaandika kwamba mgonjwa anasikia sauti na anadhani anawindwa. Maswali ya kuzuia kosa hilo yapo. Kitabu cha utambuzi wa magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, kina mahojiano mafupi ya maswali 16 yanayomtaka mgonjwa aeleze kwa maneno yake nini kinamsumbua, anadhani kimetoka wapi, na watu wake wanakiitaje. Ni nadra sana kuyasikia yakiulizwa, kwa sababu maswali 16 kupitia kwa mkalimani yanakula muda wote wa miadi, na muda huo hamuulipii.

Niwaeleze sasa upimaji unavyokwenda. Mgonjwa hupewa fomu ya PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Alama zinaanzia sifuri mpaka 27, na anayefikisha 10 anapaswa kuangaliwa zaidi. Ni fomu nzuri, imejaribiwa hata magharibi mwa Kenya kwa Kiswahili. Tatizo ni namna inavyotumiwa. Mhudumu anaisoma kwa haraka kabla daktari hajaingia, mkalimani yuko kwenye simu yenye mwangwi, mume amekaa kando, mtoto wa miaka tisa anachezea kiti. Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiri ni afadhali afe. Nani atalijibu hilo mbele ya mwanawe?

Na hata wakiwa peke yao, watu wetu wana hofu yenye chanzo ambacho wengi wenu hamkijui. Kabla ya kusafiri, kila mkimbizi hupimwa na madaktari wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Kambini kila mtu anajua habari za familia iliyokwamishwa kwa sababu ya matokeo ya vipimo, ikabaki wakati majirani wanapanda basi la kwenda uwanja wa ndege. Mtu amefundishwa kwa miaka kwamba ukimwambia daktari kwamba unaumwa, unapoteza safari. Anafika Kentucky, anaulizwa na mtu mwingine mwenye koti jeupe kama ana mawazo ya kujiua, naye anafikiria kadi ya kijani ya ukaaji wa kudumu, anafikiria kuchukuliwa watoto. Anasema hapana. Fomu inaandikwa sifuri. Kisha takwimu zinasema Wakongomani hawana sonona.

Wakati wa kupima nao ni tatizo. Uchunguzi wa afya wa mkimbizi mgeni unafanyika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hizo ni siku ambazo mtu bado anashukuru Mungu kwa kufika, shirika lililompokea bado linamtembelea, kodi ya nyumba bado inasaidiwa. Mzigo unakuja baadaye. Unakuja pale msaada unapokwisha na baba anaanza zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama, mama anafanya ya mchana, na hawaonani ila Jumapili. Watoto wanajifunza Kiingereza haraka na kuanza kuwa ndio wanaosoma barua za benki na za shule, na mzazi anajiona mdogo nyumbani kwake. Kisha simu inaita kutoka nyumbani. Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Februari ilipofuata Bukavu, watu wetu hapa walikaa usiku kucha wakisubiri ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, kaka, shemeji, halafu saa kumi na moja alfajiri wakaenda kazini. Hakuna kliniki iliyowapigia kuwauliza hali. Hawakuwa tena kwenye orodha ya wageni.

Ndiyo maana ninasema wapimwe tena baada ya mwaka, na kila mwaka, na pale nyumbani kwao kunapowaka moto. Tangu 2016 jopo la taifa linalotoa mapendekezo ya kinga, ambalo madaktari wengi wanalifuata, linashauri kila mtu mzima apimwe sonona, mradi kuna utaratibu wa kumtibu atakayekutwa nayo. Hilo sharti la mwisho ndilo linalovunjwa.

Nirudi kwenye lile dai kwamba sisi tunaumwa mwilini badala ya kuumwa moyoni. Mwaka 1999 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika vituo 15 vya nchi 14. Wagonjwa wa sonona walikuwa 1,146, na asilimia 69 kati yao walikwenda kwa daktari na malalamiko ya mwili peke yake: maumivu, uchovu, kukosa usingizi. Zilikuwamo nchi za Ulaya humo, ilikuwamo Marekani yenyewe. Walipoulizwa moja kwa moja kuhusu huzuni, wengi walikiri. Watafiti walitazama pia ni wapi jambo hilo lilikuwa kubwa zaidi, wakakuta ni kwenye vituo ambavyo mgonjwa hana daktari wake wa kudumu, yaani anaonwa leo na huyu, kesho na yule.

Nawasihi msome hapo taratibu. Anayesema kichwa kinauma ni mtu yeyote aliyekaa mbele ya mgeni. Ukimjua daktari wako, unamwambia la moyoni. Usipomjua, unampa la mwilini, kwa kuwa hilo halina aibu kwa mtu usiyemfahamu. Watu wetu wanahamishwa kutoka daktari mmoja kwenda mwingine kila bima inapobadilika, kila kliniki inapopungukiwa wafanyakazi, kila mkalimani anapokuwa sauti mpya kutoka jimbo jingine. Mnawafanya wawe wageni kila miadi, kisha mnashangaa kwamba hawafunguki.

Kuhusu ukalimani, sheria haina utata. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kifungu chake cha sita, inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu, na mahakama zimekubali kwa muda mrefu kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kunaingia humo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010 kinaitaka kila hospitali inayopokea fedha hizo impe mgonjwa mkalimani mwenye ujuzi, bure, na kanuni zake haziruhusu mtoto kufanywa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Najua kwamba tarehe 1 Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi na kuifuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma kwa wasiojua Kiingereza. Tangu hapo nimesikia watu katika vyumba vya mapokezi wakisema ukalimani si lazima tena. Si kweli. Amri imefutwa, sheria mbili nilizozitaja zimesimama palepale. Naomba kila mkurugenzi awaandikie wafanyakazi wake waraka unaosema hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Lakini msidhani mkishaweka mkalimani mmemaliza. Mwamerika mweusi hahitaji mkalimani na bado hatibiwi. Mkalimani anafungua mazungumzo. Lazima upande wa pili awepo mtu aliye tayari kumtibu huyu mgonjwa kama anavyomtibu mwingine.

Na matibabu yenyewe yanaporomoka kwa mambo madogo. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ya kwanza. Zinachukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo zinaweza kukuchafua tumbo na kukuondolea usingizi. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo anaziacha wiki ya pili, akiamini zimemdhuru. Maelezo ya chupa ni ya Kiingereza. Simu ya duka la dawa inayomkumbusha kuchukua nyingine ni ya mashine, kwa Kiingereza. Miadi ya mshauri inapatikana baada ya miezi, saa nne asubuhi, mji mwingine, kwa mtu anayetoka zamu saa moja asubuhi na hana gari. Asipofika mara mbili anafutwa. Kwenye jalada lake wanaandika kwamba amekataa matibabu.

Kwetu pia yako ya kurekebishwa, na sitayaficha. Wapo wachungaji wanaomwambia mgonjwa aache dawa aamini. Wapo wanaume wanaomficha mke asionekane, wapo wanaosema fulani ana mapepo na kumhama. Hayo yanaumiza watu na tunayasema makanisani mwetu. Lakini nawaambia pia kwamba mchungaji huyo ndiye aliyefika nyumbani kwa mgonjwa saa sita usiku, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekuja. Mkimfundisha dalili na kumpa namba ya simu ambayo mtu anayejua Kiswahili ataipokea, atawaletea wagonjwa wengi kuliko tangazo lolote.

Jambo linalonipa nguvu ya kuandika ni kwamba tiba inajulikana, na inafanya kazi kwetu kama inavyofanya kwa wengine. Mwaka 2003 Jeanne Miranda na wenzake walichapisha matokeo ya tiba kwa wanawake 267 wa kipato cha chini, wengi wao weusi na Walatina, katika vitongoji vya Washington. Waliopewa dawa, na waliopewa tiba ya mazungumzo, walipata nafuu kuliko walioelekezwa tu kwenda kujitafutia huduma. Siri ya mpango ule ilikuwa nini? Waliwalipia usafiri na mtu wa kukaa na watoto, wakawapigia simu tena na tena kabla ya kuanza. Katika jaribio jingine kubwa, wazee 1,801 wa majimbo matano walihudumiwa na timu moja ndani ya kliniki yao ya kawaida: daktari wao, mhudumu anayewafuatilia kwa simu, na daktari wa akili anayeshauri kutoka nyuma. Matokeo yalizidi sana huduma ya kawaida, na wazee weusi na Walatino walinufaika sawa na weupe. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inalipia huduma ya namna hiyo tangu 2017.

Na msiseme kwamba kwa watu waliotoka vitani ni vigumu. Mwaka 2013 jarida lile lile la New England lilichapisha kazi ya Judith Bass na wenzake huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, katika vijiji ambavyo vita vilikuwa havijaisha, waligawanywa. Wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja, wengine tiba ya kikundi iliyoongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa huko huko, wanawake wa Kongo waliofundishwa kazi hiyo. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi vya tiba walikuwa asilimia 9. Katika lile kundi jingine walikuwa asilimia 42. Miaka kumi kabla ya hapo, 2003, yalichapishwa matokeo kama hayo kutoka vijiji vya kusini-magharibi mwa Uganda: baada ya wiki 16 za vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji wasio madaktari, waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya 54.7 kwa ambao hawakupata vikundi.

Kivu, penye risasi, pasipo umeme, iliwezekana. Huenda dada wa mwanamke yule yule aliyetibiwa Kivu anaishi leo Louisville, kilomita chache kutoka hospitali zenye mashine za kila aina, na hana kikundi cha kwenda.

Kentucky ina njia ya kuanzia. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwatambua wahudumu wa afya ya jamii na kuiwezesha Medicaid kulipia kazi yao, nayo ikaanza kutumika Julai 2023. Tumieni sheria hiyo kwa ajili yetu. Katika jamii yetu wamo waliokuwa manesi mjini Uvira na walimu mjini Baraka kule Kongo, wahudumu wa afya wa kujitolea katika kambi za Nyarugusu na Nakivale, ambao leo wanapanga maboksi ghalani. Walipieni mafunzo na cheti, tena mafunzo yatolewe jioni au Jumamosi ili mwenye zamu ayaweze. Waajirini ndani ya kliniki, si pembeni yake, wafuatilie mgonjwa kwa Kiswahili wiki ya kwanza ya dawa, ya pili na ya nne, na waendeshe vikundi kama vile vya Kivu na Uganda wakisimamiwa na mtaalamu. Medicaid ilipe muda mrefu zaidi kwa miadi yenye mkalimani, kwa sababu neno linalosemwa mara mbili linachukua dakika mara mbili. Na kliniki ndogo ilipwe kiwango kinachoiwezesha kuajiri yule mhudumu wa kufuatilia, la sivyo utaratibu wa timu utabaki wa hospitali tajiri.

Lipo pia la haraka. Sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicaid wakimbizi ambao hawajapata ukaaji wa kudumu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi haruhusiwi kuomba kadi ya kijani mpaka atimize mwaka mmoja nchini, na baada ya kuomba anasubiri. Mtu aliyeanza dawa za sonona hakatishwi ghafla. Kuziacha kwa mkupuo kunaleta kizunguzungu, wasiwasi na kurudi kwa ugonjwa. Nawaomba wakuu wa Medicaid na wa hospitali mkae pamoja mapema, mjue ni nani watakaopoteza bima wakiwa katikati ya matibabu, na nani ataendelea kuwatibu, kwa fungu lipi. Wagonjwa waelezwe kwa lugha yao kabla barua ya kufutwa haijawafikia.

Mwisho ni kuhesabu. Katika kumbukumbu zenu sisi ni weusi, basi. Aliyezaliwa Louisville kwa vizazi saba na aliyeshuka ndege mwaka jana kutoka Kigoma wako kwenye kisanduku kimoja, na wote wawili wanapotea humo, maana tiba wanayokosa haifanani. Machi 2024 serikali kuu ilibadilisha mwongozo wa kukusanya taarifa za rangi na asili, ikataka makundi madogo yaandikwe. Kwa watu weusi imetaja Wasomali, Wahabeshi, Wanaijeria, Wahaiti, Wajamaika. Mkongomani hana kisanduku, anaachiwa nafasi ya kuandika mwenyewe. Kila mwaka wa fedha, kuanzia 2016 mpaka 2024, Kongo ndiyo iliyokuwa nchi iliyoleta wakimbizi wengi kuliko zote Marekani, na mwaka 2023 peke yake walikuwa zaidi ya 18,000. Wakimbizi wa Bhutan walichunguzwa na Kituo cha Taifa cha Kudhibiti Magonjwa baada ya watu wao 16 kujiua kati ya Februari 2009 na Februari 2012. Wao walihesabiwa kwa vifo. Sisi tunaomba kuhesabiwa tukiwa hai.

Lugha ya mgonjwa tayari inaandikwa kwenye jalada siku ya kwanza. Kwa hiyo ninachowaomba kinaweza kutolewa na kompyuta mlizo nazo: wagonjwa wangapi wa Medicaid wanaozungumza Kiswahili walipimwa sonona mwaka huu, wangapi walifikisha alama 10, wangapi walionwa tena ndani ya mwezi, wangapi walikuwa na mkalimani mwenye cheti kila miadi, na wangapi waliendelea na tiba miezi sita. Fanyeni hivyo hivyo kwa Waamerika weusi, kwa Walatino, kwa Wanepali na kwa weupe, tuone safu zote pamoja. Bunge la jimbo hukutana Frankfort kila Januari. Naomba takwimu hizo ziwe mezani kabla halijafunguliwa, na zichapishwe kwa Kiswahili pia.

Wenu katika kazi,
Mkalimani wa tiba, Louisville, Kentucky